Dada Wawili kwa Baiskeli Hadi Galibier

Mtu akisema ametembelea Ufaransa, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama ameuona mnara wa Eiffel. Sisi hatukuuona, wala Paris hatukufika. Mwezi wa Julai 2024 tulikaa majuma mawili tukizunguka kwa baiskeli, kwanza katika mashamba ya Burgundy, kisha katika milima ya Alps, na akina mama wenzetu wametusihi sana tuandike tuliyoyaona. Tumeandika kwa kupokezana, mmoja akiwa Lyon na mwingine Shinyanga. Kwa hiyo msomaji atuvumilie tukisema "sisi" hata pale ambapo kwa kweli hatukuwa na nia moja.

Sisi ni dada wa tumbo moja. Mkubwa ana miaka 58, ni mkunga mstaafu, na ameishi Shinyanga maisha yake yote. Mdogo ana miaka 49. Aliolewa Lyon mwaka 1999, na kazi yake ni kuwahudumia wazee katika makao yao. Mama yetu alitulea peke yake, na alituita hivyo, Mkubwa na Mdogo, nasi tutajiita hivyo humu. Alikuwa na baiskeli ya Phoenix. Siku ya gulio Mdogo alikaa mbele juu ya bomba la fremu, Mkubwa nyuma kwenye keria, na gunia la karanga likafungwa popote palipobaki nafasi.

Mama alifariki Agosti 2021. Mdogo hakuja kuzika. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda na mpya zilikuwa bado hazijatoka; kama angesafiri, asingejua atarudi vipi kwa mume na watoto. Alituma fedha. Mkubwa alizipokea, akalipia jeneza na chakula cha waombolezaji, na hakusema asante. Kwa karibu miaka mitatu tulitumiana salamu za Krismasi na Pasaka tu, basi. Ndipo shemeji, mume wa Mdogo, bila kumwuliza mtu, akamkatia Mkubwa tiketi ya ndege, akamwambia kwamba sasa amestaafu na hana kisingizio.

Wazo la baiskeli lilikuwa la Mdogo. Daktari alikuwa amemshauri afanye mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu, naye akaanza kuendesha kandokando ya mto. Alidhani dada yake atachoka upesi na itambidi amsubiri kila mahali. Alikuwa amesahau kwamba kwa miaka 30 Mkubwa alikwenda kuzalisha wanawake vijijini kwa baiskeli nzito isiyo na gia hata moja, masika na kiangazi. Kilichomsumbua Mkubwa ni hizo gia zenyewe, pamoja na kushika upande wa kulia wa barabara. Kule Ufaransa hata kiplefti huzungukwa kwa kushika kulia, kwa hiyo jina lenyewe halina maana tena. Siku ya kwanza alikutana uso kwa uso na lori la takataka. Dereva alisimama, akamwinulia kofia.

Tulipanda treni ya mkoa kutoka Lyon hadi Chalon-sur-Saône, baiskeli zetu zikiwa humo humo behewani, kisha tukaendesha karibu kilomita 10 hadi mji mdogo wa Givry. Hapo ndipo inapoanzia Voie Verte, yaani Njia ya Kijani. Zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita, vyuma viling'olewa, njia ikawekwa lami, na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ni kilomita 44 kutoka Givry hadi Cluny, na ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Ufaransa. Magari hayaruhusiwi. Na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia nayo haina mlima mkali. Inapanda polepole na kushuka polepole kiasi kwamba huna habari, ila unaona tu miguu imekuwa mizito au myepesi. Akina mama wanaoogopa baiskeli kwa sababu ya magari wangeifurahia sana njia hii. Tuliona bibi mmoja mwenye mvi akiendesha na mbwa wake kwenye kikapu, na mama mwingine akivuta kigari chenye watoto wawili waliolala.

Upande mmoja ni mizabibu, mistari yake imenyooka kama imepigwa kwa kamba. Baada ya Buxy mizabibu inapungua na malisho yanaanza. Hapo tulichelewa. Ng'ombe wa kule huitwa Charolais, ni weupe mwili mzima, wanene, hawana nundu, na Msukuma hawezi kumpita ng'ombe bila kumwangalia. Mkubwa alishuka mara nne. Aliegemea uzio akawahesabu, akataka kujua nani anawachunga. Mdogo akamwambia hakuna anayewachunga, uzio unatosha. Mkubwa akasema ng'ombe wasio na mtoto wa kuwachunga ni ng'ombe wapweke.

Hata vijiji vilionekana vipweke. Nyumba ni za mawe ya rangi ya asali, maua yamejaa madirishani, lakini watu hawaonekani. Milango imefungwa, na kengele ya kanisa inapiga saa kwa ajili ya nani, hatujui. Tulifika Saint-Gengoux-le-National saa sita na dakika kumi mchana. Duka lilikuwa limefungwa saa sita kamili na lingefunguliwa saa nane. Tunamwonya kila atakayekwenda: kule mashambani mchana wote hula kwao, na mgeni asiyebeba chakula atashinda na njaa. Tukakaa kwenye kituo cha zamani cha treni. Mkubwa akafungua mfuko wake akatoa karanga na matobolwa. Mdogo hakuwa ameonja matobolwa tangu alipokuja likizo mwaka 2016. Akala kipande kimoja akauliza, "Dada, viazi hivi ni vya wapi?"

"Vya shamba la mama."

"Nani analilima sasa?"

"Mimi."

Hatukuongeza neno. Tukapita Cormatin, penye jumba la kifahari la karne ya 17 lililozungukwa na maji, na jioni tukausukuma mlima mfupi kwenda Taizé.

Taizé ni kijiji kidogo sana juu ya kilima, lakini katika kiangazi vijana hufika kwa maelfu kila juma, kutoka nchi nyingi na makanisa mengi, kusali na kuimba pamoja. Kijana Mprotestanti kutoka Uswisi, Roger, alifika hapa mwaka 1940, naye alikuja kwa baiskeli. Nchi ilikuwa vitani. Alinunua nyumba akawaficha wakimbizi, Wayahudi wakiwamo, na baadaye akaanzisha jumuiya ya mabruda inayoendelea hadi leo. Bruda Roger aliuawa Agosti 16, 2005, katikati ya sala ya jioni, akiwa mzee wa miaka 90. Kaburi lake liko kando ya kanisa la zamani la kijiji, na halina fahari yoyote. Lakini habari iliyotugusa zaidi ilikuwa ya dada yake, Geneviève. Alikuja kumsaidia kaka yake wakati wa vita, na vita vilipokwisha akalea watoto yatima karibu 20.

Tulihudhuria sala ya saa mbili na nusu usiku. Jua lilikuwa bado halijatua. Ndivyo ilivyo kule mwezi wa Julai. Nyimbo zao ni fupi, zinarudiwarudiwa mpaka mtu anaacha kusoma kitabu. Tulipotoka nje Mkubwa alisema, "Kaka ndiye anayesimuliwa. Dada ndiye aliyewaogesha watoto." Mdogo aliyasikia maneno hayo kama yamesemwa kwa ajili yake. Mkubwa alipoisoma sehemu hii aliagiza tuandike wazi: ndiyo, yalisemwa kwa ajili yake.

Kesho yake tulishuka hadi Cluny, kilomita 10 hivi. Kanisa la abasia ya Cluny lilianza kujengwa mwaka 1088, na lilikuwa na urefu wa mita 187. Hakukuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo wa magharibi mpaka lilipojengwa la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, likabomolewa, mawe yake yakawa ya kujengea. Kilichosalia hakifiki hata sehemu moja ya kumi: mnara mmoja, upande mmoja wa ukuta, na nafasi tupu ambapo mtu anatembea akijaribu kukisia. Tulitembea urefu wake wote tukihesabu hatua, mpaka Mdogo akakosea hesabu.

Kutoka Cluny njia inaendelea kuelekea Mâcon, na hapo kuna handaki la Bois Clair, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Wakati wa baridi hufungwa ili popo wapumzike bila kusumbuliwa. Tulipenda sana kusikia serikali inawafikiria popo. Ndani kuna taa, lakini baridi ni kali hata katika kiangazi, na maji yanadondoka shingoni. Mdogo tangu utoto haliwezi giza. Aliendesha nyuma ya Mkubwa, karibu mno, mpaka magurudumu yakagusana. Mkubwa alipiga kengele njia nzima ili mdogo wake asikie mahali alipo. Upande wa pili jua lilituchoma macho, na mbele yetu juu ya mizabibu ilikuwapo ngome ya Berzé-le-Châtel.

Baada ya siku tatu za kupumzika Lyon, shemeji alitupeleka Valloire, katika milima ya Savoie, ili tupande Galibier. Kwa watu wa baiskeli jina hili ni kubwa. Mashindano ya Tour de France yalipita huko kwa mara ya kwanza mwaka 1911, wakati barabara ilikuwa ya udongo na mawe, nao waendeshaji walikuwa na baiskeli zisizopita ya mama yetu kwa ubora. Kilele cha barabara kiko mita 2,642 juu ya bahari, karibu sawa na kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Kutoka Valloire ni kilomita 18 na kupanda mita zaidi ya 1,200. Shemeji alikagua breki, akaziminya mara tatu, akatuambia atasubiri mjini akinywa kahawa. Tulianza saa moja asubuhi, Mkubwa akiwa amefunga kanga kiunoni juu ya suruali. Mdogo alikuwa amemkataza, kwa hofu itanasa kwenye mnyororo. Mkubwa alijibu kwamba kanga haijawahi kunasa kwenye mnyororo wake, na kwa kweli haikunasa.

Kilomita 10 za kwanza zinafuata kijito katika bonde pana. Haziumizi sana. Kuna ng'ombe wa rangi ya kahawia wenye kengele shingoni. Maziwa ya milima hii hutengenezwa jibini iitwayo Beaufort, magurudumu makubwa ambayo mtu mmoja hulibeba kwa shida. Kuna wanyama waitwao marmotte, mfano wa pimbi lakini wanene zaidi, ambao hupiga mbinja wakiona mtu kisha hutoweka shimoni. Mahali pamoja palikuwa na kundi la kondoo likilindwa na mbwa mkubwa mweupe. Mbwa hawa si wa mchezo. Shuka, tembea taratibu, baiskeli iwe kati yako na yeye, usimkimbie. Kila baada ya kilomita moja kuna jiwe linalomwambia mwendeshaji umbali uliobaki, urefu kutoka baharini, na ukali wa mlima katika kilomita inayofuata. Asilimia 8 maana yake ni kwamba kila mita 100 utakazokwenda utapanda mita 8. Mwanzoni tuliyasoma mawe hayo kwa hamu. Baadaye tuliyaogopa.

Mahali paitwapo Plan Lachat barabara inavuka kijito, inakata kona ghafula, na inaanza kupanda ukuta. Kuanzia hapo zimebaki kilomita 8, na wastani ni zaidi ya asilimia 8. Tulisimama kunywa maji kabla ya daraja. Ndipo Mkubwa akasema, akitazama mlima, si mdogo wake, "Siku ile ya mazishi mtandao haukukatika. Niliizima simu."

Yafaa tueleze. Siku mama alipozikwa, Mdogo alipiga simu tangu alfajiri ili aone kwa video. Hakumpata mtu. Baadaye aliambiwa mtandao ulikuwa mbaya, akaamini, au alijilazimisha kuamini. Mkubwa alikuwa ameizima simu, akaifungia ndani ya sanduku la vyombo vya kuzalishia. Alisema moyoni, anayetaka kumwona mama na aje.

Mdogo hakujibu. Alipanda baiskeli yake akaenda.

Kilomita zile 8 kila mmoja alizipanda peke yake. Mandhari tunaweza kuyaeleza, maana macho yaliyaona hata kama moyo haukuwapo: miti imekwisha, nyasi fupi zenye maua ya bluu, kisha mawe ya kijivu yaliyovunjikavunjika, na mabaki ya theluji kando ya barabara. Barabara inajikunja juu yako, na unamwona aliyekutangulia kama mdudu ukutani. Kwenye lami kulikuwa na majina ya waendeshaji yaliyopakwa rangi na mashabiki, yote ya wanaume. Lakini wanawake nao wana Tour yao tangu 2022, na mwezi mmoja tu baada ya safari yetu, Agosti 18, 2024, ilimalizikia Alpe d'Huez, si mbali na hapo. Katarzyna Niewiadoma wa Polandi alishinda kwa sekunde 4, baada ya juma zima la mashindano.

Mdogo alipanda kwa hasira, na hasira ni petroli mbaya. Kilomita 3 kabla ya kilele miguu ilimwishia. Akashuka, akaketi juu ya jiwe la kilomita. Aliweza kumwona Mkubwa chini, kona tano au sita nyuma, akija kwa mwendo ule ule aliokuwa nao tangu asubuhi, mwendo wa mkunga anayejua kwamba mtoto atazaliwa saa yake. Anasema alitaka sana amchukie, ila alikuwa na njaa, na karanga zilikuwa kwenye mfuko wa Mkubwa.

Mkubwa alifika, akasimama, akampa karanga. Hakuomba msamaha hapo. Aliomba baadaye, na maneno hayo tumekubaliana yabaki yetu. Wakati huo alishika theluji kwa mara ya kwanza maishani, akaisugua mkononi, akasema inakwaruza kama chumvi ya mawe.

Karibu na kilele kuna handaki lililofunguliwa mwaka 1891. Baiskeli haziruhusiwi kupita humo. Zinapitia juu, kilomita moja ya mwisho ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Tuliisukuma kwa miguu, hatuoni aibu kusema. Juu ni uwanja mdogo, upepo, na watu wakipigana picha. Upande wa kusini unaona barafu za mlima Meije, unaokaribia mita 4,000, na upande wa kaskazini, hali ya hewa ikiwa njema, Mont Blanc yenyewe. Ilikuwa njema.

Huko juu Mdogo naye alisema lake. Juni 2021 Mkubwa alikuwa amemwandikia kwamba mama anazidiwa. Wakati huo karatasi zake zilikuwa bado nzima, angeweza kusafiri. Hakusafiri, kwa kuwa alifikiri ni njia ya kuomba fedha, kama ndugu wengi wanavyofanya kwa mtu aliye Ulaya. Akatuma fedha, akaona amemaliza. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema baridi ni kali, washuke.

Kushuka kunahitaji akili kuliko kupanda. Usishike breki mfululizo, magurudumu yatapata moto; minya, achia, minya tena, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Upepo wa kushuka huingia kifuani hata mchana wa Julai. Waendeshaji wa zamani walivaa karatasi za gazeti ndani ya fulana, na Mdogo alikuwa amebeba gazeti kutoka nyumbani. Lilikuwa la kumtosha mtu mmoja. Alilikunjua, akafungua zipu ya koti la dada yake, akampanga kurasa kifuani na mabegani kama anavyowavalisha wazee wake kazini, akafunga zipu hadi kidevuni.

Valloire tulimkuta shemeji, na supu, na mkate. Tulikuwa tumekula nusu bila kusema ndipo Mdogo akauliza, "Dada, mama alivikwa nini?"

"Kitenge cha bluu chenye majani. Kile ulichomletea 2016. Mimi nilitaka gauni jeupe. Wanawake wa kwaya wakakataa, wakasema mwenyewe alishaagiza."

Shemeji aliondoka mezani akaenda kufunga baiskeli juu ya gari.

"Na Phoenix?" Mdogo aliuliza tena.

"Ipo ukumbini. Tairi la nyuma limekufa."

Mdogo aligeuza karatasi ya bili, akaomba kalamu kwa mhudumu, akauliza saizi ya tairi. Mkubwa akamwambia tairi hilo liko kila duka la baiskeli Shinyanga, hakuna haja ya kulitoa Ulaya. Mdogo akasema anajua, hata hivyo amtajie. Akaandika: 28 kwa 1½.